Mguu wa Injini

Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza, na kwa muda mfupi Omary alidhani siku ingekuwa nyepesi. Boti yake ilikuwa imekaa wiki saba kwenye yadi ya Sunil, hapo Bukoba ukingoni mwa ziwa, na yeye mwenyewe alikuwa amezimaliza wiki hizo nyumbani Bilele akiuguza jicho. Madaktari walikuwa wamemtoa mtoto wa jicho la kushoto. La kulia lingefuata baadaye. Sasa aliona kutu kwenye misumari ya gati, aliona manyoya ya ndege juu ya maji. Alimwona vizuri Joackim, baharia wake kwa miaka sita sasa, mtu mzima mwenye watoto wanne, amesimama mbele ya boti na kamba mkononi.

"Achia," Omary alisema, akatia gia.

Kitu kikalia chini ya maji, kama mtu anayetafuna changarawe. Injini ikanguruma lakini boti ikabaki pale pale, ikiyumba tu kwa mawimbi madogo. Akarudisha gia, akaitia tena. Safari hii hata ule mlio haukusikika. Pangaboi halikuzunguka.

"Zima," Joackim alisema. "Zima, mzee, tusiiue kabisa."

Waliivuta kwa kamba hadi kwenye ngazi ya zege, wakainua injini. Pezi la chini, lile linalolinda pangaboi, lilikuwa limekatika kipande cha upana wa vidole vitatu. Omary aligusa pale palipokatika, kisha akakaa kwenye ukingo wa boti. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa wiki saba alikuwa amelala chali, akihesabu siku za kurudi majini, na sasa alihisi uchovu kama wa mtu aliyetoka safari, si wa anayeanza.

Fundi Anatolia alifika baada ya adhuhuri na sanduku lake la spana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na nusu ya injini za mwaloni, pale boti zinapotia nanga, zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alifungua bolti ya chini ya mguu wa injini, ile sehemu ya gia inayozama majini, akaweka kopo. Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama uji wa mtoto.

"Maji yameingia," alisema. "Tena si ya jana."

Alipoufungua mguu wenyewe, meno ya gia yalidondokea kwenye kitambaa, moja, mbili, kisha mengi kwa pamoja. Gamba la mguu lilikuwa na ufa, na shafti ya pangaboi ilikuwa imepinda.

"Mguu umepigwa na kitu kigumu," Anatolia alisema. "Ufa ukaingiza maji, maji yakala gia. Ulipoiwasha leo umemalizia tu."

"Umepigwa lini?"

"Hilo siwezi kukuambia, mzee. Chuma hakina tarehe."

Sunil alikuja kutoka ofisini amejishika kiuno. Yadi ile ilikuwa yake. Zamani lilikuwa ghala la marehemu baba yake, Dhirubhai, aliyeuza nyavu na turubai kwa wavuvi. Omary na Sunil walijuana tangu wakivaa kaptula. Watu wa jamii ya Sunil waliobaki mjini walikuwa wachache, na yeye mwenyewe alizungumza Kihaya vizuri kuliko watoto wengi wa Omary.

"Mmeiangusha boti yangu," Omary alisema.

"Nani kaiangusha? Boti yako ilikaa pale pale ulipoiacha. Ziwa lilipopanda mwezi wa tano tuliisogeza juu, kama tulivyosogeza zote. Basi."

"Mliisogezaje?"

"Kwa trekta na watu. Hakuna aliyesema kitu kimegongwa." Sunil aliinama akatazama lile pezi, kisha akainuka taratibu. "Omary, usinikasirikie. Lakini watu wanaosafiri na wewe wanasema ulikwangua miamba kule kisiwani Bumbire mwezi wa nne. Kabla hujaileta hapa."

"Watu gani?"

"Watu tu. Maneno yanafika dukani kwangu."

Omary alipandisha sauti. Alisema ameendesha boti miaka thelathini, tangu Bukoba hadi Goziba, na hakuna mtu wa kumfundisha miamba ilipo. Alisema mengi. Joackim alikuwa pembeni anakunja kamba, na alipomaliza kuikunja akaikunjua akaanza upya, bila kuinua uso. Omary aliliona hilo, kwa jicho lake jipya, wala hakuuliza.

Ni kweli kulikuwa na kitu mwezi wa nne. Alikumbuka mtikiso mdogo walipokuwa wakiingia Bumbire, mawingu yamefunga, maji na anga vimekuwa rangi moja. Alikuwa amejiambia ni gogo.

Boti ilikuwa mali ya watu wawili, yeye na dada yake Sumaiya. Waliinunua walipouza shamba la kahawa waliloachiwa na baba yao. Sumaiya ndiye aliyepanga abiria na mizigo, Omary akashika usukani. Jioni ile alimkuta dada yake barazani pa nyumba waliyoishi wote, anachambua maharage kwenye ungo, akamweleza yote.

"Twende serikali ya mtaa," Sumaiya alisema. "Sunil ni mtu mzuri, lakini uzuri wake hautapeleka boti Bumbire. Ilikuwa mikononi mwake. Ajibu."

"Anasema niliigonga mimi."

"Uliigonga?"

Omary alitazama maharage. "Hapana."

"Una hakika? Nataka kujua kabla sijaenda kusimama mbele ya watu."

"Nimekuambia hapana, Dada."

Sumaiya aliendelea kuchambua. Hakusema kwamba hamwamini, lakini hakwenda serikali ya mtaa kesho yake, wala kesho kutwa. Alisema anasubiri Omary apate nguvu. Omary alijua anachosubiri.

Siku ya tatu akapanda hiace mpaka Muleba, kisha pikipiki mpaka mwaloni, na kutoka pale akaingia kwenye boti ya mtu mwingine kwenda Bumbire. Hakumwambia Joackim. Alikaa katikati ya magunia na mikungu ya ndizi, magoti yamegusa mgongo wa mama aliyekuwa mbele yake. Nahodha alikuwa kijana aliyekimbiza boti kuliko ilivyopasa. Omary alitaka kumwambia apunguze, akanyamaza. Nani angemsikiliza abiria?

Kagaruki alikuwa mnunuzi wa dagaa pale kisiwani, na kwa miaka mingi kiti chake kilikuwa kile cha nyuma, karibu na usukani wa Omary. Alimkuta kwenye mchanga, anageuza dagaa juu ya nyavu zilizotandazwa. Walisalimiana kirefu, akamwulizia jicho, akamletea kiti cha plastiki.

"Nimekuja kukuuliza jambo moja," Omary alisema. "Safari ile ya mwisho, mwezi wa nne. Niligonga?"

Kagaruki aliendelea kugeuza dagaa kwa muda. "Uligonga, waitu," alisema, kwa neno lile la heshima la Kihaya. "Pale kwenye miamba kabla ya kuingia. Ulikwangua, watu wakashika mbao. Kisha tukafika, ukashusha mizigo, ukarudi Bukoba siku hiyo hiyo."

"Kwa nguvu?"

"Kiasi. Mimi si fundi."

Omary aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesafiri kutwa nzima kuyatafuta maneno hayo, na sasa alipoyapata hakuona pa kuyaweka. Alidhani mazungumzo yameisha, akaanza kuinuka.

"Kaa, mzee," Kagaruki alisema. "Hukujua kama tunajua?"

"Mnajua nini?"

"Macho."

Akamweleza bila kuharakisha, kama mtu aliyekuwa amelibeba jambo hilo muda mrefu na amechoka nalo. Abiria wote wa siku nyingi walijua kwamba Omary haoni vizuri. Walijua tangu mwaka uliopita, pale alipokaribia kupita juu ya mtumbwi wa watu wawili waliokuwa wakitega nyavu. Aliyekuwa akiiongoza boti ni Joackim. Alisimama mbele, akinyoosha mkono wa kulia boti inakwenda kulia, akinyoosha wa kushoto inakwenda kushoto, akishusha yote miwili Omary anapunguza moto.

"Hiyo ni kazi ya mtu wa mbele," Omary alisema. "Kila boti inafanya hivyo."

"Na lile koti la njano? La mvua? Unadhani alilivaa jua kali kwa nini?"

Lile koti Omary alilikumbuka vizuri. Alikuwa akimtania Joackim kwa ajili yake, akimwita askari wa barabarani, na Joackim alikuwa akicheka, jasho linamtiririka shingoni. Kumbe Joackim alilinunua ili mikono yake ionekane.

"Mbona mliendelea kupanda?"

"Tulimpandia Joackim," Kagaruki alisema. Kisha, alipoona uso wa Omary, akaongeza haraka, "Na wewe pia. Ziwa unalijua. Lakini siku Joackim alipoumwa homa, unakumbuka abiria walivyopungua? Walisema wana msiba."

Alirudi Bukoba kesho yake. Akamkuta Joackim yadini, amekaa ndani ya ile boti isiyokwenda, anaziba mbao kwa pamba na lami kana kwamba injini ingepona yenyewe.

"Nimetoka Bumbire," Omary alisema.

Joackim aliweka nyundo chini. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenifukuza. Kisha ungeenda na mtu mwingine asiyejua." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kila safari nilisema hii ndiyo ya mwisho, tukifika nitamwambia dada Sumaiya. Tukifika, nimechoka, natamani kulala tu. Mzee, huwezi kujua inavyochosha kumwangalilia mtu mwingine maji."

"Ile siku ya miamba?"

"Nilichelewa kunyoosha mkono. Nilikuwa natazama mtumbwi upande wa pili. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile ulipotia gia. Huenda ni mimi."

Omary alikaa karibu naye. Watu wawili hao walikuwa wamekula sahani moja miaka sita, na sasa kila mmoja alikuwa akijaribu kumnyang'anya mwenzake kosa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushinda.

Kumwambia Sumaiya kulikuwa kugumu zaidi. Alingoja hadi majirani walipoondoka barazani, akasema yote kwa sauti moja, bila kujitetea: miamba, macho, Joackim, koti. Sumaiya alimsikiliza mpaka mwisho. Binti yake Maulida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bumbire, na kila mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na kurudi kwa boti ile.

"Ulijua tangu lini?" Sumaiya aliuliza.

"Mwaka jana. Siku za mawingu nilikuwa sioni mbali. Siku za jua nilikuwa naona."

"Maulida alikuwa akipanda siku za mawingu pia."

"Najua."

"Nilikuwa namwambia, panda na mjomba, usipande na hawa vijana wanaokimbiza boti. Nilikuwa namwambia hivyo mimi mwenyewe, Omary. Nilimkataza boti za wengine."

"Najua, Dada."

"Usiniambie unajua!" Alisimama, akachukua ungo mtupu, akauweka tena pale pale. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kichwa kinamuuma, akaingia ndani. Kwa siku mbili alimpelekea chakula mumewe, akawapa wajukuu, akamwachia Omary chake mezani kimefunikwa, wala hakuzungumza naye.

Omary akaona jambo lililobaki ni kulimaliza na Sunil. Akaenda ofisini, akasimama mlangoni.

"Ulisema kweli," alisema. "Niligonga Bumbire. Kuna watu walioona. Sitakudai kitu, na nakuomba radhi kwa maneno yale."

Sunil alimtazama kwa mshangao. "Basi tuyaache," alisema. "Kaa unywe chai."

"Siku nyingine."

Alipofika nje, Omary aliegemea ukuta kidogo. Alikuwa ametegemea kwamba akishasema angejisikia mwepesi. Alijisikia vile vile, ila sasa hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ijumaa iliyofuata, watu wametoka msikitini, Sunil alifika Bilele. Haikuwa kawaida yake. Kwa miaka mingi walikutana yadini au dukani tu. Alikuja amevaa shati safi, na mkononi alikuwa na simu. Sumaiya alimkaribisha barazani, akamwita Omary, na kwa kuwa Sunil alisema jambo lenyewe linawahusu wote wawili, naye akakaa.

"Binti yangu Kavita alipiga video mwezi wa tano, ziwa lilipopanda," Sunil alisema. "Aliwatumia ndugu zetu Uingereza waone maji yalivyofika. Mimi sikuwahi kuiangalia yote. Juzi mama alikuwa anaiangalia kitandani."

Mama yake, Parvati, alikuwa na miaka themanini na tatu na hakutoka tena chumbani.

"Akaniita. Akaniuliza, mbona injini ya Omary mnaiburuza?"

Akawapa simu. Omary aliishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na mvua, maji ya rangi ya kahawa yamejaa hadi katikati ya yadi, watu wanapiga kelele kwa Kiswahili na Kihaya. Trekta ilikuwa ikiivuta boti yake kwenye ngazi za zege, kinyume, mkia mbele. Injini haikuinuliwa. Mguu ulikuwa umening'inia chini, na boti ilipofika kwenye ngazi ya kwanza mguu ule ulijikita kwenye zege. Trekta ikasita, ikavuta tena. Boti yote ikaruka. Kwenye ngazi ya pili vile vile. Mtu mmoja aliyeshika kamba upande wa kulia, amevaa kofia, aligeuka kutazama chini, kisha akageuza uso.

"Huyo ni wewe," Sumaiya alisema.

"Ni mimi," Sunil alisema. "Nilisikia inagonga. Kulikuwa na boti nyingine tano bado majini, na ukuta wa ghala ulikuwa unaanza kuanguka. Nikasema nitaangalia kesho. Kesho kukawa na tope la kuzoa, na ghala. Kisha nikasahau, au nikajisahaulisha, sijui. Ulipokuja kupiga kelele, nikashika neno la miamba kwa sababu lilikuwa karibu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Ulipokuja tena kuniambia ni wewe, nikaona nimepona. Nimekaa na hilo siku nne. Siwezi."

Barabarani mtu alipita akiita wateja wa samaki.

"Kwa hiyo si miamba," Omary alisema hatimaye.

"Fundi Anatolia ameiona video. Anasema mkwaruzo wa zamani upo, mdogo, lakini mkwaruzo haupasui mguu. Mguu umepasuka hapa." Akagusa kioo cha simu. "Nimeshaagiza mwingine Mwanza. Utakuja na meli. Anatolia ataufunga, na hilo ni juu yangu lote. Nisamehe, Omary."

"Nimekusamehe," Omary alisema, na ilikuwa kweli. Hakuwa na nguvu ya kufanya lingine. Alimwuliza hali ya mama, Sunil akasema anakula kidogo kidogo. Wakanywa chai. Sunil alipoondoka, Omary alimsindikiza mpaka njiani, wakashikana mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Alirudi akamkuta Sumaiya bado amekaa. Ndani yake kulikuwa na tumaini dogo, alilolionea aibu, kwamba video ile ingefuta na yale mengine.

"Hukuivunja," dada yake alisema.

"Sikuivunja."

"Nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini hutashika usukani."

"Jicho hili linaona, Dada. Naona mpaka kule kwa majirani, kwa kina Theopista, naona nguo zilizoanikwa kwenye kamba."

"Nimekuamini. Na daktari akimaliza la pili, nitakaa kwenye boti mimi mwenyewe, siku ya mawingu, nione. Mpaka hapo ataendesha Joackim." Sauti yake haikuwa na hasira tena. Ilikuwa imechoka, kama ya Omary. "Sikunyang'anyi boti. Lakini nimekuuliza swali moja, palepale ulipokaa, ukaniambia hapana."

Omary alitaka kusema kwamba ile hapana imetokea kuwa nusu ya kweli. Alimtazama dada yake akaona asiseme.

"Sawa," alisema.

Mguu mpya ulifika baada ya wiki mbili. Anatolia aliufunga asubuhi moja, akajaza oili, akaizungusha shafti kwa mkono akisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sunil alisimama pale muda wote, akiwashikia hiki na kile bila kuombwa. Joackim alipokaa nyuma na kushika usukani, alimtazama Omary kama mtu anayeomba ruhusa, na Omary akamwonyesha ziwa kwa kidevu: nenda.

Boti ilitoka taratibu, ikapita mdomo wa gati, ikaongeza mwendo. Walikuwa abiria kumi na sita, na kati yao Maulida, aliyekuwa akirudi shuleni. Alimsogelea mjomba wake na kumpa nusu ya kanga yake ajifunike, kwa sababu upande ule maji yalikuwa yakirukia watu. Omary hakuwahi kujua kwamba kiti kile kinalowana. Kwa muda alimfuatilia Joackim, akipinda shingo kila boti ilipogeuka, mguu wake ukikanyaga sakafu kana kwamba kuna cha kukanyaga. Kisha akaacha. Visiwa vilikuwa bado mbali, upande ule wa Muleba. Uchovu wa miezi yote hiyo ulimshukia kwa pamoja, mzito na mtulivu, na kabla hawajafika nusu ya njia alikuwa amelala, kichwa kimeegemea bega la Maulida, jambo ambalo katika miaka thelathini ya kusafiri ziwani hakuwahi kulifanya hata mara moja.